Kirusi sugu cha mafua si lazima kiwe dhaifu

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nijadili sentensi mbili zilizokuwamo katika makala ya afya kuhusu homa ya mafua ambayo gazeti lako liliichapisha hivi karibuni. Ya kwanza ilisema kwamba kirusi cha influenza kinapopata usugu dhidi ya dawa hulipia usugu huo kwa kudhoofika, kwa hiyo hakiwezi kufika mbali. Ya pili ilisema kwamba usugu huo huletwa na wagonjwa wasiomaliza dozi. Mwandishi wako hakuyatunga mambo hayo kichwani mwake. Yamo katika vitabu vya kiada vya miaka ya nyuma, na mimi mwenyewe niliyafundisha kwa miaka kadhaa, nikisimama mbele ya ubao bila chembe ya shaka, mpaka mwaka 2008 uliponilazimu kuchana kurasa tatu za daftari langu la masomo na kuanza upya. Ndiyo maana siandiki kwa kumlaumu. Naandika kwa sababu sentensi hizo zikiachwa zilivyo, msomaji atatulia pasipostahili utulivu, na mgonjwa atabebeshwa lawama isiyo yake.

Nianze na neno. Makala ilizungumzia "nguvu" ya kirusi, na neno hilo linapotosha kidogo, kwa kuwa msomaji wa kawaida akisikia kirusi chenye nguvu huwaza ugonjwa mkali. Wataalamu wa virusi wanachokipima ni kitu kingine, ambacho katika barua hii nitakiita ufaafu: uwezo wa kirusi kuzaliana ndani ya seli, kutoka salama, kumfikia mtu mwingine na kuanza tena, huku kikishindana na ndugu zake wanaotafuta nafasi hiyo hiyo. Kirusi kinaweza kuwa na ufaafu mkubwa na kikasababisha homa ya siku nne tu, na kingine kikaua mgonjwa wake haraka lakini kisipate njia ya kwenda kwa jirani. Tena ufaafu hupimwa kwa kulinganisha. Hauna kipimo chake peke yake, kama vile mbio zisivyo na mshindi iwapo mkimbiaji ni mmoja.

Imani kwamba usugu hudhoofisha ilikuwa na msingi wake, na ni haki kuueleza kabla ya kuubomoa. Kirusi cha influenza kimezungukwa na protini mbili kuu, hemaglutinini na neuraminidesi, ambazo ndizo asili ya herufi H na N katika majina kama H1N1 na H3N2. Hemaglutinini hushika sukari iitwayo asidi ya sialiki, iliyo kwenye ncha za minyororo inayoota juu ya seli zetu za koo na mapafu, na kwa mshiko huo kirusi huingia. Shida huja wakati wa kutoka. Virusi vichanga vinapochomoza kwenye ukuta wa seli, sukari ile ile iliyokuwa mlango wa kuingilia hugeuka kuwa ulimbo, na virusi hunasa pale pale, vikigandamana vyenyewe kwa vyenyewe kama ndege waliotua kwenye kijiti kilichopakwa utomvu. Neuraminidesi ndiyo mkasi unaoikata sukari hiyo ili virusi viondoke. Dawa ya oseltamiviri, ambayo ilianza kutumika mwaka 1999 sambamba na mwenzake zanamiviri, hukaa katikati ya kinywa cha mkasi na kuuzuia usifunge.

Sasa, ili oseltamiviri ikae vizuri katika kinywa hicho, sehemu moja ya protini, iliyo katika nafasi ya 277, hulazimika kujipinda kando na kuipisha. Jirani yake wa nafasi ya 275 kwa kawaida ni asidi amino, yaani tofali la kujengea protini, iitwayo histidini. Herufi moja tu ya jeni ikibadilika, histidini hiyo huwa tirosini, ambayo ina umbo kubwa zaidi, na jirani aliyetakiwa kujipinda hukosa pa kwenda. Dawa hubaki nusu ndani, nusu nje. Badiliko hilo huandikwa H275Y (hapa H ni alama ya histidini na Y ya tirosini), au H274Y kwa wanaohesabu nafasi kwa kufuata neuraminidesi ya aina ya N2, nalo ndilo maarufu kuliko yote katika mjadala huu. Zanamiviri, ambayo umbo lake linafanana zaidi na sukari ya asili, haihitaji jirani yeyote ajipinde, na kwa sababu hiyo huendelea kufanya kazi hata mbele ya kirusi chenye H275Y. Hili mwandishi wako hakulitaja, ingawa kwa daktari aliye na mgonjwa mahututi ni jambo la maana sana: kirusi kikiwa sugu kwa dawa moja si lazima kiwe sugu kwa nyingine.

Badiliko kutokea si ajabu hata kidogo. Jeni za influenza zimeandikwa katika vipande 8 vya RNA, kemikali inayobeba maelekezo ya jeni, na kimeng'enya kinachovinakili hakirudi nyuma kukagua kilichoandikwa. Kwa lugha ya ofisi yako, Mhariri, ni gazeti linalochapwa kila siku bila msahihishaji wa prufu. Ndani ya mgonjwa mmoja mwenye mamilioni kwa mamilioni ya virusi, karibu kila kosa la herufi moja linaloweza kufanyika litakuwa limefanyika mahali fulani, likiwamo lile la H275Y, hata kama mgonjwa huyo hajawahi kuiona dawa kwa macho. Swali halikuwa kama usugu utazaliwa. Swali lilikuwa kama kirusi hicho kitaishi kikiwekwa pamoja na ndugu zake.

Maabara zilijibu kwamba hakitaishi. Majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalionyesha kwamba kirusi cha H1N1 chenye badiliko hilo kilizaliana kwa shida, na katika panya na fereti kilihitaji kupewa kwa wingi zaidi ndipo kiambukize. Fereti ni mnyama mdogo wa jamii moja na kicheche, na wataalamu humpenda kwa sababu hupata mafua kama yetu, hupiga chafya kama sisi, na sukari za koo lake zinafanana na zetu. Hitimisho lilionekana wazi: mkasi uliopindwa ili kuikwepa dawa umekuwa butu hata kwa kazi yake ya kila siku. Serikali nyingi, zikiwa na hofu ya mafua ya ndege ya H5N1, zilinunua oseltamiviri na kuiweka ghalani kwa mamilioni ya dozi, na hoja hiyo ya udhaifu ilikuwa sehemu ya utulivu wao.

Mwezi Januari 2008 habari zilitoka Norway, nchi ambayo ilikuwa ikitumia oseltamiviri kwa uchache sana. Virusi vya H1N1 vya msimu vilivyokusanywa huko vilipopimwa, vingi vilikuwa na H275Y, na msimu ulipokwisha hesabu ilifikia takribani theluthi mbili. Wagonjwa wengi hawakuwa wamemeza hata kidonge kimoja. Japani, ambayo ilikuwa ikitumia dawa hiyo kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na kwa mbali, msimu huo huo ilikuwa na usugu wa chini ya asilimia 3. Naomba msomaji asimame hapa kidogo azilinganishe nchi hizo mbili, kwa maana nadharia ya kwamba usugu huzaliwa na matumizi ya dawa peke yake ingetabiri kinyume kabisa. Miezi michache baadaye, msimu wa baridi wa kusini ulipoanza, virusi vya H1N1 vilivyopimwa kwanza Afrika Kusini vilikuwa sugu vyote. Ulipofika msimu wa 2008 hadi 2009, zaidi ya asilimia 99 ya H1N1 ya msimu nchini Marekani ilikuwa sugu. Kwa muda usiozidi miezi 18, dawa iliyojaza maghala ilikuwa haifai tena kwa aina nzima ya mafua. Na kirusi hicho hakikuwa kigonjwa: kilienea kama ndugu zake wa kawaida, kikasababisha homa ile ile, na kikawalaza hospitalini watu wale wale ambao mafua huwalaza kila mwaka.

Majaribio ya awali yalikuwa sahihi. Waliyoyafanya waliyafanya kwa uangalifu, na kirusi walichokitumia kweli kilidhoofika. Kilichokosekana ni kujua kwamba kirusi kile cha maabara hakikuwa tena kirusi kilichokuwa kikizunguka mitaani. Mwaka 2010 Jesse Bloom, Lizhi Ian Gong na David Baltimore, wakiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya California, walieleza fumbo hilo kwa kazi ambayo hadi leo naiona kuwa miongoni mwa kazi safi kabisa katika taaluma hii. Walionyesha kwamba madhara makuu ya H275Y hayakuwa katika ukali wa mkasi, bali katika idadi ya mikasi: protini yenye badiliko hilo ilifika kwa uchache juu ya ukuta wa seli. Kisha walipitia historia ya jeni za H1N1 na kukuta kwamba, kabla ya usugu kuenea, ukoo huo ulikuwa umekwisha kupata mabadiliko mengine madogo, yakiwamo yale yanayoandikwa R222Q na V234M, ambayo kila moja lilisaidia neuraminidesi kufika juu kwa wingi. Walipoyapachika mabadiliko hayo katika kirusi cha zamani, kisha wakaongeza H275Y, kirusi kilistawi kana kwamba hakikupata pigo lolote.

Mpangilio wa matukio ndio kiini cha jambo. Mabadiliko hayo ya kuruhusu, yaani yaliyoufungulia usugu njia, yalitangulia, na yalitangulia kwa sababu zake yenyewe, bila kusubiri dawa. Kirusi kilikuwa na akiba. Ilipokuja hasara ya H275Y, ililipwa kutoka katika akiba hiyo, na salio likabaki la kutosha. Mtu aliyepima gharama ya usugu katika kirusi cha mwaka 1999 alipata jibu la kweli kuhusu mwaka 1999, na jibu hilo lilipitwa na wakati bila mtu yeyote kutangaziwa. Kwa hiyo mtu anaposema "badiliko hili lina gharama", swali la kwanza la kumuuliza ni: katika kirusi kipi, na cha mwaka gani?

Historia ya dawa za zamani zaidi, amantadini na rimantadini, inatufundisha jambo jingine la aina hiyo, nami nitalipitia kwa ufupi. Amantadini iliidhinishwa Marekani mwaka 1966 kwa ajili ya influenza A. Huziba mfereji mdogo uitwao M2 ambao kirusi huutumia kujivua koti lake kikishaingia ndani ya seli. Badiliko moja, S31N, huufanya mfereji huo usizibike, na badiliko hilo halina gharama inayoonekana. Kwa miaka mingi virusi sugu vya H3N2 vilibaki haba, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikapanda ghafla, na kufikia msimu wa 2005 hadi 2006 asilimia 92 ya H3N2 iliyopimwa Marekani ilikuwa sugu, hata mwezi Januari 2006 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha nchi hiyo kikawashauri madaktari waache kabisa kuzitumia dawa hizo kwa mafua. Wengi waliyalaumu matumizi holela, na huenda yalichangia. Lakini uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba S31N ilienea duniani kote hata kwenye nchi zisizoigusa dawa, kwa kuwa ilikuwa ndani ya ukoo wa virusi uliokuwa ukifanikiwa kwa sababu nyingine. Usugu ulidandia lori lililokuwa likienda zake. Na tangu ulipodandia haujashuka: dawa imeachwa kwa takribani miongo miwili, na bado virusi vya influenza A vinavyozunguka kwa binadamu ni sugu kwake karibu vyote. Wanaotumaini kwamba dawa ikipumzishwa usugu utajiondokea wangepaswa kuutazama mfano huu kwanza.

Kilichotuokoa na H1N1 sugu ya 2008 hakikuwa juhudi yetu. Mwaka 2009 kirusi kipya cha H1N1, chenye jeni zilizotoka kwa nguruwe, kilienea duniani na kukifukuza kile cha zamani kabisa. Kirusi hicho kipya kilikuja na S31N yake tayari, lakini kilikuwa bado kinaitii oseltamiviri. Dunia ikapumua. Ni bahati ya ajabu kidogo, kuokolewa na janga, na sioni kama ni mpango ambao mtu mwenye busara angeutegemea kwa mara ya pili.

Kirusi hicho cha 2009 nacho kimekwisha kuonyesha dalili. Mwaka 2011 katika eneo la Newcastle nchini Australia, H275Y ilisambaa kwa watu wengi ambao hawakuwa wametumia dawa. Katika msimu wa 2013 hadi 2014 kundi kama hilo lilijitokeza Sapporo, Japani. Katika sehemu zote mbili virusi vilikuwa na mabadiliko ya kuruhusu, likiwamo V241I na N369K, na mabadiliko hayo baadaye yalikuwa ya kawaida katika virusi vya H1N1 vinavyozunguka. Makundi hayo yalizimika yenyewe, na kwa jumla usugu kwa dawa za kundi la oseltamiviri kwa kawaida hauzidi asilimia 1 au 2 ya virusi vinavyopimwa. Ni habari njema, na sina nia ya kuipunguza. Lakini kuzimika kwa kundi moja kunaweza kusababishwa na mambo mengi, kuanzia msimu kumalizika hadi kirusi kingine chenye sura mpya kwa kinga ya watu kuchukua nafasi. Hakuthibitishi udhaifu.

Makala yako iliisifu, na kwa haki, dawa mpya ya baloksaviri, iliyoidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2018. Haigusi mkasi. Inazuia kimeng'enya ambacho kirusi hutumia kunyang'anya vichwa vya ujumbe wa RNA wa seli yetu ili kiandike wa kwake, na mgonjwa humeza dozi moja tu. Wingi wa virusi kooni hushuka haraka kuliko kwa oseltamiviri. Hata hivyo katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka huo huo wa 2018, karibu asilimia 10 ya waliopewa dawa walipatikana baadaye na virusi vyenye badiliko katika nafasi ya 38 ya protini ya PA, ambayo ni sehemu ya kimeng'enya hicho, hasa lile la I38T, na katika jaribio la watoto wa Japani idadi ilizidi asilimia 20. Watoto, kwa sababu kinga yao haijaijua influenza vya kutosha, hubeba virusi vingi kwa muda mrefu, na palipo na virusi vingi ndipo chaguo hufanyika. Angalia, Mhariri: dozi ni moja. Hapakuwa na mtu aliyeshindwa kuimaliza.

Je, I38T hudhoofisha? Hapa ndipo napenda msomaji aone jinsi swali hilo linavyoulizwa kwa vitendo. Mtaalamu huchukua virusi vya kawaida na virusi sugu, huvichanganya nusu kwa nusu, na kumtia fereti mmoja puani. Kesho yake fereti mwingine mzima huwekwa katika kizimba cha pili, na kati yao kuna ukuta wenye matundu, hewa inapita lakini pua hazigusani. Kila siku wanyama huoshwa pua kwa maji ya chumvi, na maji hayo husomwa jeni. Ikiwa mchanganyiko ulioanza nusu kwa nusu umefika kwa fereti wa pili ukiwa karibu wote wa kawaida, usugu una gharama. Ikiwa umefika nusu kwa nusu, hauna gharama inayoonekana. Na ikiwa fereti wa pili amepata sugu peke yake, mtaalamu hujikuna kichwa na kurudia jaribio, kwa sababu mara nyingi chembe chache tu za virusi ndizo huanzisha maambukizi mapya, na bahati huweza kuchagua mshindi asiyestahili. Jaribio la namna hii hutumia wanyama wachache, kwa gharama kubwa, na hupima kirusi kimoja au viwili kati ya maelfu vinavyozunguka.

Kwa I38T majibu yamegongana. Maabara nyingine zimeona kirusi kikichechemea, nyingine zimekiona kikizaliana na kuambukiza sawa na cha kawaida. Katika msimu wa 2018 hadi 2019 Japani ilishuhudia virusi vyenye badiliko hilo kwa wagonjwa ambao hawakupewa dawa, maana yake vilitoka kwa mtu mwingine. Baada ya hapo havikushika hatamu, na ulimwenguni vimebaki haba. Huo ndio ukweli kamili ulivyo leo, na msomaji anastahili kuambiwa hivyo, bila kufungwa kwa neno moja la "dhaifu".

Kuhusu favipiraviri, dawa nyingine ya mafua, nitasema sentensi moja: mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba badiliko la K229R lililoleta usugu liliivuruga polimeresi ya kirusi, yaani kimeng'enya kinachonakili jeni zake, lakini badiliko la pili, P653L katika protini nyingine, likairudishia kazi yake, na hapo tunaona tena kwamba gharama ya usugu ni deni linaloweza kulipwa na mwingine.

Sasa niiguse sentensi ya pili, ile ya dozi. Ushauri wa kumaliza dawa ni mwema na simzuii mtu kuufuata. Oseltamiviri ya mtu mzima ni miligramu 75 mara 2 kwa siku kwa siku 5, na aliyeandikiwa aimeze yote. Tena kuna kosa la matumizi ambalo makala haikulitaja na ambalo lina uzito zaidi: kumpa mtu ambaye tayari ameambukizwa dozi ndogo ya kinga, ya mara 1 kwa siku, ambayo huviacha virusi hai na kuvichuja kwa wakati mmoja. Lakini kundi ambalo usugu hujitokeza kwake mara nyingi ni la wagonjwa ambao kinga yao imeporomoka, kama vile waliopandikizwa uboho au wanaotibiwa saratani ya damu. Watu hawa huweza kutoa virusi kwa wiki kadhaa, wakimeza kila kidonge kwa saa yake huku muuguzi akiwasimamia. Kuwaambia kwamba usugu ni matokeo ya uzembe wa mgonjwa ni kuwaonea. Nadhani mwandishi aliazima hoja hiyo kutoka kwenye mjadala wa antibayotiki na bakteria, ambako ina mazingira yake. Antibayotiki, kwa njia, haziuwi kirusi cha mafua hata kimoja, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unashauri zisitolewe kwa mgonjwa wa mafua yasiyo makali ambaye hakuna dalili za kutosha kwamba ana bakteria pia.

Ningependa gazeti lako, litakapoandika tena kwamba kirusi sugu kimeonekana mahali, liwaulize wataalamu jambo ambalo halikuulizwa mwaka 2007. Hesabu ya virusi sugu vilivyopatikana hutueleza kilichokwisha kutokea. Linalotangulia ni iwapo wagonjwa hao waliwahi kutumia dawa, na iwapo ukoo wa virusi unaozunguka umekwisha kukusanya mabadiliko ya kuruhusu, hata kama usugu wenyewe bado haujaonekana. Mtandao wa ufuatiliaji wa influenza wa Shirika la Afya Duniani, ulioanzishwa mwaka 1952, una vituo katika nchi zaidi ya 100 na husoma jeni hizo mwaka mzima, kwa hiyo swali lina mtu wa kulijibu. Mwezi Oktoba 2024 H275Y ilipatikana katika virusi vya H5N1 kwenye mashamba 8 ya kuku katika jimbo la British Columbia, Canada. Habari kama hiyo ikiripotiwa kwa maelezo kwamba "kirusi sugu huwa dhaifu", msomaji atafunga ukurasa. Ikiripotiwa pamoja na swali la neuraminidesi hiyo inafikaje juu ya ukuta wa seli katika ukoo huo, atajua kwa nini watu fulani hawakulala vizuri wiki ile.

Niongeze jambo moja kwa ajili ya wasomaji wanaoweza kutishika: usugu ninaouzungumzia hauhusu chanjo. Chanjo huiandaa kinga ya mwili itambue hasa hemaglutinini, wala haijali kama jirani wa nafasi ya 275 ni histidini au tirosini.

Kwa hayo, Mhariri, naomba sentensi ya kwanza isahihishwe katika toleo lijalo ili isomeke hivi: "Usugu dhidi ya dawa huweza kupunguza uwezo wa kirusi cha influenza kuzaliana na kuambukiza, lakini upungufu huo hutegemea jeni nyingine za kirusi hicho, huweza kufidiwa, na mwaka 2008 ulifidiwa kabisa katika H1N1 ya msimu." Sentensi ya pili iondolewe.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa mikrobiolojia na msomaji wako wa siku nyingi